Benki ya Urani ya IAEA, Oskemen: ghala limejaa, fueli bado iko mbali

Huduma inayotathminiwa hapa ina nchi zaidi ya mia moja zinazostahili kuwa wateja wake, na tangu ifunguliwe haijauza hata kilo moja. Ni ghala la mita za mraba 880 ndani ya uzio wa kiwanda cha metali cha Ulba, katika mji wa Oskemen (ramani nyingi bado zinauandika Ust-Kamenogorsk), mashariki mwa Kazakhstan. Humo zimelazwa silinda 60 za chuma zenye urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha chini, ambayo kwenye makaratasi huandikwa LEU. Mwenye mali ni Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA. Nchi mwanachama ambayo mtambo wake wa umeme umekosa fueli kwa sababu zisizo za kibiashara inaruhusiwa kwenda kununua humo.

Tunaipima benki hii kwa macho ya nchi inayojiandaa kujenga mtambo wake wa kwanza, kama Kenya au Uganda. Upande wa sheria na siasa umepangwa vizuri kuliko wa akiba nyingine yoyote ya aina hii. Upande wa ufundi unakufikisha nusu ya njia, na nusu iliyobaki ndiyo ngumu. Serikali itakayoitegemea bila kuijua nusu hiyo itakaa gizani huku risiti ya malipo iko mezani.

Inatibu tatizo gani

Urani inayochimbwa ardhini ina asilimia 0.711 tu ya U-235, aina ya atomu inayopasuka kwa urahisi. Mitambo mingi ya umeme, ile inayopozwa kwa maji ya kawaida, inahitaji asilimia 3 hadi 5. Kupandisha kiwango hicho ni kazi ya sentrifuji, mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa kutenganisha atomu, na hapo ndipo hofu inapoanzia: mashine zinazofikisha asilimia 5 zinaweza kupangwa upya zikaendelea hadi 90, kiwango cha bomu. Wengi hudhani safari ya kutoka 5 hadi 90 ni ndefu. Sivyo. Urani ikikaribia asilimia 5, zaidi ya theluthi mbili ya kazi yote ya kufika 90 imeshafanyika, maana sehemu kubwa ya atomu zisizotakiwa huondolewa mwanzoni.

Kwa hiyo nchi ikijenga kiwanda cha kurutubisha, hata kwa nia safi, majirani hawalali. Na sababu inayotolewa ni ileile kila mara: tukitegemea wageni, ipo siku watatukatia. Hoja hiyo haikuzushwa. Mtambo wa Tarapur, India, ulijengwa kwa ahadi kwamba Marekani ingeuletea fueli kwa miongo kadhaa. India ikalipua kifaa cha nyuklia mwaka 1974, Marekani ikapitisha sheria mpya mwaka 1978, na ugavi ukasimama hadi Ufaransa ilipoingia kati miaka ya 1980. Iran ya enzi za Shah iliikopesha Ufaransa dola bilioni moja kwa ajili ya kiwanda cha Eurodif na kupata haki ya asilimia 10 ya mazao yake. Baada ya mapinduzi ya 1979 haikupewa urani hiyo. Maofisa wa Tehran wameirudia habari ya Eurodif kila walipoulizwa kwa nini wanazungusha sentrifuji zao wenyewe.

Benki imewekwa ili hoja ya kukatiwa isiwe na mguu wa kusimamia. Wazo lenyewe ni la kale. Eisenhower alilitaja Umoja wa Mataifa tarehe 8 Desemba 1953, na katiba ya IAEA, shirika lililoanza mwaka 1957, iliruhusu tangu mwanzo shirika kushika na kugawa urani. Lakini ghala lilisubiri zaidi ya nusu karne. Kilichosukuma mambo ni ahadi ya mwaka 2006: taasisi ya Marekani iitwayo Nuclear Threat Initiative ilitoa dola milioni 50 zilizotoka kwa Warren Buffett, kwa sharti kwamba nchi zichange milioni 100 nyingine. Marekani ilitoa karibu milioni 50, Umoja wa Ulaya hadi yuro milioni 25, Falme za Kiarabu milioni 10, Kuwait milioni 10, Norway milioni 5, na Kazakhstan laki nne. Bodi ya Magavana ya IAEA ilipiga kura Desemba 2010, nchi 28 zikakubali na hakuna iliyopinga. Waliojizuia, Afrika Kusini na Brazil wakiwemo, walihofia kwamba benki ingegeuka njia ya kuzinyima nchi zinazoendelea haki ya kurutubisha. Tutaona kwamba maandishi yaliyopitishwa yaliizingatia hofu hiyo. Mkataba na Kazakhstan ulisainiwa Agosti 2015, jengo likazinduliwa tarehe 29 Agosti 2017, na mzigo ukafika mwaka 2019: silinda 32 kutoka Orano ya Ufaransa mwezi Oktoba, na 28 kutoka Kazatomprom, kampuni ya taifa ya urani ya Kazakhstan, mwezi Desemba.

Mzigo wenyewe

Silinda zinazotumika ni za aina ya 30B, ileile inayotumiwa na soko lote. Kipenyo chake ni sentimita 76, urefu unazidi kidogo mita 2, na ikiwa tupu ina uzito wa kilo zipatazo 635. Inaruhusiwa kubeba kilo 2,277 za heksafluoridi ya urani (urani iliyounganishwa na florini) na si zaidi, na urani hiyo isizidi asilimia 5. Takriban theluthi mbili ya uzito huo ndiyo urani, kwa hiyo silinda iliyojaa ina kilo kama 1,540 za urani. Zidisha mara 60 unapata tani 92, na tangazo rasmi linasema hadi tani 90. Hesabu inakubaliana.

Kiwango cha kurutubishwa kinafika asilimia 4.95. Kupata kilo moja ya urani ya kiwango hicho, makapi yakiachwa na asilimia 0.25, unahitaji kilo 10.2 za urani asilia na vipimo 7.8 vya kazi ya kurutubisha, ambavyo sokoni vinaitwa SWU. Tani 90 kwa hiyo zimemeza zaidi ya tani 900 za urani asilia na SWU zipatazo 700,000. Zinatosha kujaza mara moja kiini chote cha mtambo wa megawati 1,000, na kuupa mji mkubwa umeme kwa muda wa miaka mitatu.

Katika joto la kawaida heksafluoridi ni mango jeupe linalotulia ndani ya chuma. Ikifika nyuzi 56.5 za Selsiasi hugeuka gesi moja kwa moja, na ikikutana na unyevu wa hewani huzaa asidi ya hidrofluoriki, inayochoma mapafu na ngozi. Hatari ya kwanza kwa mfanyakazi ni ya kikemia. Mionzi ya urani hii ni dhaifu. Ajali nyingi huanzia kwenye valvu iliyogongwa au silinda iliyojazwa kupita kiasi. Dutu hii ikiyeyuka hutanuka sana, na silinda isiyo na nafasi ya kutosha juu hupasuka. Ndivyo ilivyotokea Gore, Oklahoma, Januari 1986: silinda iliyozidishwa ilipashwa moto ili ipunguzwe, ikapasuka, mfanyakazi mmoja akafa. Ghalani Oskemen hakuna anayepasha silinda moto. Hatua hiyo hufanyika kwa mtengenezaji wa fueli, na ndipo mizani na kumbukumbu za ujazo zinapotakiwa kuwa sahihi hadi kilo.

Kwa upande wa kuzuia silaha, IAEA hutumia kizingiti cha kilo 75 za U-235 iliyomo kwenye urani ya kiwango cha chini. Ikipotea kiasi hicho, huwezi tena kusema kwamba bomu haliwezekani. Silinda moja iliyojaa ya asilimia 4.95 ina kilo 76. Basi silinda moja ni kizingiti kizima, na ndiyo sababu kila moja ina namba yake, lakiri yake na faili lake, huku wakaguzi na kamera wakihakikisha zote 60 zipo.

Mahali palipochaguliwa pana historia nzito. Mwaka 1994, kutoka kiwanda hikihiki cha Ulba, Marekani na Kazakhstan ziliondoa kwa siri takriban kilo 600 za urani ya kiwango cha bomu iliyoachwa na Usovieti, na kuipeleka Oak Ridge, Tennessee. Tarehe ya uzinduzi pia haikuokotwa: 29 Agosti ni siku Usovieti ilipolipua bomu lake la kwanza mwaka 1949 kwenye uwanja wa Semipalatinsk, na ni siku uwanja huo ulipofungwa mwaka 1991. Nchi hii imelipa gharama ya silaha hizo kwa miili ya watu wake, na kukubali kwake kuwa mlinzi wa akiba hii kunastahili heshima. Tena inabeba yenyewe gharama za umeme, joto na wafanyakazi wa ghala. Wakazi wa Oskemen wana haki ya kuuliza maswali magumu, kwa kuwa kiwanda kiko mjini na mwaka 1990 kililipukiwa kwenye kitengo cha berili, vumbi likaenea juu ya makazi. Tukilinganisha, silinda zilizotulia ghalani ni hatari ndogo kuliko shughuli za kila siku za kiwanda chenyewe.

Jinsi ya kuchota

Mlango una masharti matatu. La kwanza, ugavi wa fueli ya mtambo wa umeme uwe umekatika kwa sababu zisizo za kawaida, na nchi iwe imeshindwa kuipata sokoni, kwa mapatano na nchi nyingine, au kwa njia yoyote ile. La pili, ripoti ya karibuni ya ukaguzi iwe imehitimisha kwamba nyenzo zilizotangazwa na nchi hiyo hazikuchepushwa, na kusiwe na suala lake la ukaguzi lililo mbele ya Bodi. La tatu, nchi iwe na mkataba wa ukaguzi kamili unaotumika, yaani unaogusa shughuli zake zote za nyuklia.

Maombi huenda kwa Mkurugenzi Mkuu wa IAEA. Yeye ndiye anayepima masharti, na yakitimia anasaini mkataba wa ugavi kwa mfano ulioidhinishwa tayari, kisha Bodi inaarifiwa. Hapa pametulia kuliko pote. Bodi haipigi kura upya kwa kila ombi, kwa hiyo nchi moja kubwa haiwezi kukuzuia kwa sababu mmekosana kuhusu jambo lingine. Uamuzi umefungwa kwenye vigezo vilivyoandikwa kabla ugomvi haujazuka.

Jambo la pili linalostahili sifa: hutakiwi kuahidi kwamba hutarutubisha kamwe. Waliojizuia mwaka 2010 waliogopa hasa sharti hilo, na halimo. Unachofungwa nacho kinahusu mzigo ulionunua tu. Utaingia kwenye fueli ya mtambo wa umeme na si kwingine. Hutauongezea kiwango, hutauchakata upya ukishatumika, wala hutaupeleka nchi nyingine bila idhini ya IAEA. Na utakuwa chini ya ukaguzi na ulinzi muda wote.

Kasoro iko kwenye sharti la tatu. Mkataba wa ukaguzi kamili unatosha, Itifaki ya Ziada haidaiwi. Bila itifaki hiyo wakaguzi wanaona vizuri kilichotangazwa, lakini uwezo wao wa kutafuta kisichotangazwa ni mdogo, na kiwanda cha siri kinaweza kuigeuza LEU kuwa silaha. Kwa benki inayouza urani ambayo theluthi mbili ya safari imekwisha, tungeiweka itifaki mlangoni. Kwa Afrika Mashariki kasoro hii haina uzito: Kenya, Uganda na Tanzania zote zina mkataba wa ukaguzi na Itifaki ya Ziada vinavyotumika.

Sharti la pili nalo lisichukuliwe kirahisi. Iran, ambayo Bodi iliitangaza kuwa imekiuka wajibu wake mwaka 2005 na tena Juni 2025, haiwezi kuhudumiwa hapa, na huo ndio uliokuwa mpango. Lakini nchi ndogo yenye uhasibu wa hovyo inaweza kujikuta kwenye meza ya Bodi kwa uzembe tu: vyanzo vya zamani visivyoorodheshwa, taarifa za mwaka zilizochelewa, tofauti za vipimo zisizofafanuliwa. Ofisi ya uhasibu wa nyenzo za nyuklia yenye watu wawili makini ina thamani kuliko barua ya waziri siku ya dharura.

Bei

Unalipa bei ya soko ya siku hiyo, na unalipa kabla ya mzigo kutoka. Fedha hizo hutumika kununua mzigo wa kujazia nafasi. Ni mpango wa haki, kwa kuwa benki haifilisiki na mteja wa pili hakuti ghala tupu milele. Ila lazima ieleweke kwamba kinga hii ni ya kukatiwa, haigusi kupanda kwa bei. Januari 2024 bei ya urani asilia ilipita dola 100 kwa ratili, na gharama ya kurutubisha nayo ilikuwa imepaa tangu vita vya Ukraine vilipoanza. Nchi iliyobanwa na bei tu haina dharura machoni pa benki, na hata ingekuwa nayo ingeuziwa kwa bei ileile.

Kwa mpangaji wa bajeti, bei ya kilo ya LEU ni jumla ya vitu vitatu: kilo 10.2 za urani asilia, gharama ya kuigeuza heksafluoridi, na SWU 7.8. Juu yake weka usafirishaji na bima. Halafu weka utengenezaji wa fueli, ambao una mambo yake.

Pale huduma inapoishia

Mtambo hauli heksafluoridi. Gesi hiyo hugeuzwa unga wa oksidi, unga ukakandamizwa kuwa vidonge vidogo, vidonge vikachomwa katika tanuri la joto kali, vikanolewa, vikapangwa ndani ya mirija ya aloi ya zirkoni, mirija ikazibwa na kufungwa pamoja kuwa fungu moja la fimbo. Mtambo wa Kirusi wa VVER-1000 unachukua mafungu 163 ya pembe sita. Wa Kikorea wa APR1400 unachukua mafungu 241 ya mraba. Hayaingiliani. Fungu la muundo mmoja halikai kwenye mtambo mwingine hata kama urani iliyomo ni ileile. Benki inakuuzia mahindi wakati jikoni panangojewa ugali, na wenye mashine ya kusaga inayokufaa huenda ni mmoja tu duniani, pengine yuleyule aliyekukatia.

Ukraine ilionyesha ugumu huu waziwazi. Iliamua kutafuta mtengenezaji wa pili wa mafungu ya mitambo yake ya Kirusi, ikaenda kwa Westinghouse, kampuni ya Marekani. Mafungu sita ya majaribio yaliingia mtambo wa Ukraine Kusini mwaka 2005. Mwaka 2012 mafungu mengine ya muundo huo yalikutwa yameharibika kwenye vishikizi vya fimbo, baada ya kukaa bega kwa bega na mafungu ya Kirusi yenye ugumu tofauti. Muundo ukaimarishwa, ukarudi mtamboni mwaka 2015. Miaka kumi, na katika muda wote huo upatikanaji wa LEU haukuwa tatizo. Nchi yenye mitambo kumi na mitano na wahandisi wake wenyewe ilihitaji muongo mzima. Nchi yenye mtambo mmoja isijidanganye kwamba itamaliza kwa mwaka.

Oskemen kwenyewe kuna mtengenezaji. Tangu mwaka 2021 kiwanda cha Ulba-TVS, ubia wa Kazatomprom na kampuni ya China ya CGN, kinatoa mafungu yaliyokamilika. Lakini ni ya muundo wa Kifaransa kwa ajili ya mitambo ya China. Ukiwa na mtambo wa aina hiyo, una bahati ya kijiografia. Ukiwa na wa Kirusi au wa Kikorea, unaagiza kwingine.

Njia ya kutokea ni udhaifu wa pili. Kazakhstan haina bahari. IAEA ilijihami kwa mikataba miwili ya kupitisha mzigo, mmoja na Russia mwaka 2015, mwingine na China mwaka 2017, na silinda za Ufaransa zilifika kwa meli kisha kwa reli kupitia Russia. Wakati mipango hii inaandikwa, milango miwili ilionekana mingi. Leo mnunuzi anayekimbia kukatiwa na Moscow atauliza kwa haki kama mzigo wake utapita kwenye reli za Moscow bila kuchelewa, na bima itagharimu kiasi gani. Kazatomprom hupitisha sehemu ya urani yake asilia Bahari ya Kaspi na Azabajani hadi Georgia, njia ndefu lakini inayofanya kazi. Tungependa kuona mikataba ya namna hiyo ikisainiwa pia kwa ajili ya benki, mapema, wakati hakuna dharura.

Kuna na ukubwa. Akiba yote ni kiini kimoja. Nchi moja ikikwama inatosha vizuri, kwa sababu kwa kawaida unabadilisha theluthi moja tu ya mafungu kila baada ya miezi 12 hadi 18, kwa hiyo tani 90 ni karibu mabadilisho matatu ya mtambo mmoja. Nchi tatu zikikwama pamoja, kila moja inapata badilisho moja na ghala linabaki tupu.

Mitambo ya CANDU, ya muundo wa Kanada, hutumia urani asilia na haihitaji benki. Mitambo midogo ya aina mpya inayotaka urani ya kati ya asilimia 5 na 20 haisaidiki hapa, kwa kuwa silinda za 30B zinaishia 5. Muuzaji akikuletea picha za mtambo wa namna hiyo, mwulize fueli itatoka wapi kabla ya kuuliza bei.

Mabaki nayo benki haiyachukui. Fueli iliyotumika ina plutoni, ambayo nayo hutengenezewa mabomu, karibu asilimia moja, na ukitazama kwa jicho la kuzuia silaha, kuirudisha kwa aliyeiuza ni kinga kubwa. Russia ilikubaliana hivyo kwa mtambo wa Bushehr nchini Iran: inaleta fueli, na kwa mkataba mabaki yanatakiwa kurudi kwake. Ukinunua Oskemen, mabaki ni yako kwa miongo.

Akiba nyingine za namna hii

Russia ina tani 120 za LEU pale Angarsk, Siberia, zilizotengwa kwa mkataba na IAEA wa mwaka 2010. Marekani ilipunguza makali tani 17.4 za urani ya kiwango cha juu ikapata LEU tani 230, tayari tangu mwaka 2011. Kwa ukubwa zote mbili zinaishinda Oskemen. Tofauti ni mwenye ufunguo. Angarsk utoaji unaanzia kwa ombi la IAEA, lakini mali na ardhi ni ya Russia; akiba ya Marekani hutolewa kwa uamuzi wa Washington. Oskemen tu ndiko mali ni ya shirika lenyewe, na kwa nchi isiyo na rafiki mkubwa hilo linazidi tani mia.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki

Kenya imekuwa ikizungumzia mtambo wa kwanza, kwanza Uyombo katika Kilifi, ambako wakazi walipinga vikali, na baadaye Siaya kando ya Ziwa Victoria. Uganda imetaja Buyende. Tanzania ina urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, na mara kwa mara husikika kwamba mwenye madini hawezi kukosa fueli. Si kweli. Kati ya urani ya njano ya mgodini na fungu la fimbo kuna viwanda vitatu, na eneo hili halina hata kimoja. Kongo ilichimba urani Shinkolobwe na ikawa na mtambo wa utafiti Kinshasa tangu mwaka 1959, na fueli ya mtambo huo ililetwa kutoka nje.

Mfano wa kuiga uko Ghuba. Falme za Kiarabu ziliahidi katika mkataba wao na Marekani wa mwaka 2009 kutorutubisha wala kuchakata upya, zikachangia benki hii, na bado hazikuitegemea. Mwaka 2012 shirika lao la ENEC lilisaini mikataba sita na makampuni tofauti: wengine wa urani asilia, wengine wa kuigeuza heksafluoridi, wengine wa kurutubisha, Warusi, Wafaransa na Urenco, kampuni ya Ulaya ya kurutubisha, wakiwemo kwa pamoja. Akikatika mmoja, mafungu yanaendelea kutengenezwa Korea.

Sisi tungepanga hivi. Kinga ya kwanza iwe badilisho moja zima la mafungu yaliyokamilika, yaani theluthi moja ya kiini, likae kavu kwenye ghala la mtambo tangu mwaka wa kwanza wa uzalishaji. Fueli mpya haina mionzi mikali, haihitaji kupozwa, na inakupa mwaka hadi mwaka na nusu wa kufikiri. Gharama yake ni mtaji uliolala. Ya pili iwe wagavi wasiopungua wawili kwa urani na kwa kurutubisha. Benki ya Oskemen ije ya tatu, na karatasi zake ziandaliwe wakati wa amani: mkataba wa ukaguzi, uhasibu usio na madoa, sheria ya fidia ya nyuklia, na barua ya mtengenezaji wa fueli kwamba yuko tayari kupokea silinda za 30B zenye lakiri ya IAEA na kuzigeuza mafungu ya muundo wako.

Barua hiyo ndiyo ngumu kupata, kwa sababu mchoro wa fungu ni siri ya kibiashara ya aliyeuza mtambo. Mnunuzi adai kifungu kinachompa haki ya kumkabidhi mtengenezaji mwingine data za muundo pale ugavi utakapokatika, pamoja na vipimo, aina ya aloi, nguvu ya vishikizi na hesabu za joto. Adai kabla ya kusaini mkataba wa ujenzi, wakati wauzaji wawili au watatu bado wanamgombania. Zege la kwanza likishamwagwa, bei ya kifungu hicho hupangwa na muuzaji peke yake.